Daraja la nne na sifuri kila mwaka: shule ya kata ianze wapi kutafuta chanzo?

MjumbeBodi

Wakuu, salaam. Nawakilisha wazazi kwenye bodi ya shule ya sekondari ya kata, ya kutwa, kijijini. Miaka mitatu sasa matokeo ya kidato cha nne hayabadiliki. Daraja la tatu wanahesabika kwa vidole, la nne ndilo kundi kubwa, na sifuri haishuki chini ya robo ya watahiniwa. Kikao kikikaa, walimu wanawataja wazazi, wazazi wanawataja walimu, na wote wanakubaliana kwamba simu zimewaharibu watoto. Kisha tunachangishana kwa ajili ya kambi ya kidato cha nne, Agosti hadi Oktoba, na matokeo yakitoka tunarudi palepale.

Ninachoomba ni hiki: kwa shule kama hii, unaanza kuchunguza wapi ili ujue chanzo chenyewe badala ya kubahatisha? Hisabati ndiyo mbaya kuliko yote, lakini hata Historia na Uraia wanaanguka, na hayo tulidhani ni ya kusoma tu.

MwalimuWaNamba

Ndugu mjumbe, anza na karatasi ya matokeo kabla ya kumlaumu mtu yeyote. Ingia kwenye tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), chukua matokeo ya kila mtahiniwa, uhesabu pointi. Usiishie kwenye daraja.

A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, na huchukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Daraja la tatu linaishia pointi 25, la nne ni 26 hadi 33, sifuri ni 34 na 35. Sasa tazama. D mbili na F tano ni pointi 33, daraja la nne. D moja na F sita ni 34, sifuri. Watoto hao wawili wametenganishwa na somo moja, na D inaanzia alama 30, kwa hiyo huenda ni alama moja tu, 29 dhidi ya 30. Huku juu nako ni hivyo hivyo: C mbili na D tano ni 26, daraja la nne, C tatu na D nne ni 25, daraja la tatu, na C tatu ndizo anazohitaji mtoto ili afikiriwe kidato cha tano. C inaanzia 45. NECTA hutoa herufi tu, kwa hiyo alama zenyewe zitafute kwenye mtihani wa utamilifu (mock). Piga mstari chini ya kila anayeangukia kati ya alama 25 na 29, au 40 na 44. Utashangaa orodha ilivyo ndefu.

Hisabati sasa. Kwa muundo wa miaka ya karibuni, mtihani una maswali 14, yote ya lazima: Sehemu A maswali 10 ya alama 6, Sehemu B maswali 4 ya alama 10. Alama 30 ni sawa na maswali matano ya Sehemu A. Na Sehemu A ina nini? Namba, sehemu na desimali, vipeo na logi, seti, uwiano, faida na hasara, maumbo yanayofanana, Pythagoras, milinganyo ya kipeo cha pili. Sehemu kubwa ya mada hizo hufundishwa kidato cha kwanza na cha pili. Kwa hiyo mtoto anayepata F ya Hisabati kidato cha nne kwa kawaida hakuangushwa na matriki. Aliangushwa na sehemu, tena zamani.

Mpe mwanafunzi wa kidato cha nne swali hili: x/2 + x/3 = 10. Wengi wataandika 2x/5 = 10, halafu x = 25. Amejumlisha kiasi na kiasi, asili na asili. Jibu ni 5x/6 = 10, x = 12. Mwulize −3 − 5, atakuandikia 8, kwa sababu alikaririshwa kwamba hasi na hasi ni chanya na hakuna aliyemwambia kwamba kanuni hiyo ni ya kuzidisha na kugawanya. Makosa haya mawili yanamfuata kwenye kila mada: logi, vekta, mlinganyo wa mstari, kila mahali. Ukimfundisha matriki juu ya msingi huo unajenga ghorofa kwenye tope.

Kupima msingi ni kazi ya kipindi kimoja. Maswali 20, dakika 40, bila kikokotoo: 5 ya sehemu, 5 ya namba hasi, 4 ya kufungua mabano, 4 ya milinganyo rahisi, 2 ya asilimia. Wape kidato cha kwanza hadi cha nne karatasi ileile. Wakati wa kusahihisha usiweke mkasi (X) tu. Andika aina ya kosa pembeni: S kwa sehemu, H kwa hasi, M kwa mabano. Mwisho hesabu herufi. Hapo ndipo bodi itajua inachangia nini.

BiTaaluma

Naongezea kwenye hayo masomo "ya kusoma tu", maana hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea.

Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza, na karibu kila somo isipokuwa Kiswahili linageuka kuwa la Kiingereza. Historia anayoifahamu vizuri kwa mdomo anatakiwa aiandike kwa lugha ambayo hawezi kutungia sentensi tano. Mwalimu naye, ili amalize muhtasari, anaandika ubaoni na darasa linanakili. Katika kipindi cha dakika 40, dakika 25 zimekwenda kwenye kunakili. Daftari limejaa, mzazi akilifungua anaridhika, lakini kilichomo mtoto hakijui.

Chukueni mfano wa swali la insha: "Account for the rise of Mfecane." Maneno mawili ya mwanzo yanataka sababu. Mtoto haoni hayo, anaona neno moja tu analolitambua, Mfecane (vita na uhamaji wa makabila kusini mwa Afrika karne ya 19), halafu anamwaga kila alichokariri: Shaka alikuwa nani, jeshi lake lilipiganaje, makabila gani yalihama, matokeo yake yalikuwa nini. Kurasa mbili zimejaa. Sababu zenyewe, yaani watu kuongezeka na ardhi ya malisho kuwa finyu, ukame, kugombania biashara ya Delagoa Bay, zimepata mistari miwili. Mtoto huyu alisoma, tena alikesha. Anatoka chumba cha mtihani akiwa na furaha, kisha anapata F. Linauma sana.

Katika muundo wa karibuni wa Historia, Sehemu A ina alama 16, B alama 54, C alama 30 za insha mbili. Yaani sehemu kubwa ya alama inategemea kuandika sentensi zako mwenyewe. Kubahatisha herufi kwenye maswali ya kuchagua hakumfikishi mtu kwenye 30.

Cha kufanya ni hiki. NECTA kila mwaka hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kitabu kimoja kwa kila somo, swali kwa swali, pamoja na picha za vipande vya majibu mazuri na mabaya. Ipo bure kwenye tovuti yao. Idara nyingi shuleni hazijawahi kuifungua. Chapeni ya masomo matatu mliyoanguka zaidi, kila mwalimu asome ya kwake, kisha wanafunzi wapewe lile jibu baya walisahihishe wenyewe. Zoezi hilo moja linafundisha kuliko kurasa kumi za madesa.

Pili, maneno ya maagizo yafundishwe kama mada: "state" (taja tu), "explain" (taja na ueleze kwa nini au kwa vipi), "differentiate" (weka tofauti ana kwa ana, siyo fasili mbili zilizokaa mbalimbali), "account for" (toa sababu). Kila wiki mwanafunzi aandike aya moja ya sentensi tano kwa Kiingereza kuhusu mada iliyofundishwa, irudi imesahihishwa. Darasa la watoto 60 ni daftari 15 kwa siku kwa siku nne, inawezekana. Na mwalimu asiogope kufafanua kwa Kiswahili. Kosa ni kufafanua kwa Kiswahili kisha kuondoka bila darasa kuandika wazo lilelile kwa Kiingereza.

MaabaraKwanza

Fupi tu kuhusu sayansi. Karatasi ya vitendo ina alama 50, na ni alama zinazotabirika kuliko za nadharia, ila shule nyingi wanafunzi wanashika bureti kwa mara ya kwanza Oktoba. Makosa ni yaleyale. Jaribio la vyakula la Baiolojia: wanasahau kwamba mchanganyiko wa Benedict (wa kupima sukari) lazima uchemshwe, wanasubiri rangi ibadilike baridi. Kwenye safu ya "observation" wanaandika kwamba wanga upo, wakati pale panatakiwa rangi waliyoiona, na kwamba wanga upo ni la safu ya "inference". Kemia: wanasoma bureti juu ya mkunjo wa kimiminika badala ya chini yake, na wanaandika 24.5 badala ya 24.50. Iodini, maji ya kunde zilizosagwa, wanga wa muhogo: hivyo havihitaji maabara ya mamilioni. Kila mwanafunzi afanye jaribio kwa mikono yake walau mara moja kwa mwezi kuanzia kidato cha tatu.

MjumbeBodi

Asanteni sana walimu. Hilo la pointi sikuwa nimeliona kabisa. Sasa nisaidieni mawili. Kambi tuiache? Na utoro: wapo watoto wanaotembea kilomita saba au nane kwenda, na siku ya mnada madarasa yanabaki nusu.

MdhibitiUbora

Mheshimiwa mjumbe, utoro uhesabu kwa namba, watu wataacha kuubishia. Mwaka wa masomo una siku 194. Anayekosa siku moja kila wiki amekosa siku 38 au 39 kwa mwaka, na kwa miaka minne ni siku 155 hivi. Huyo amesoma sekondari ya miaka minne kwa miaka mitatu na kidogo. Chukua rejista ya mahudhurio, weka majina yake kando ya matokeo ya utamilifu, utaona yanavyofuatana.

Upande wa pili, hesabu utoro wa vipindi, ambao hausemwi. Shajara ya darasa inaonyesha kipindi gani kilifundishwa na nani alisaini. Hesabu wiki nne za kila mkondo. Kabla ya kumlaumu mwalimu, piga hesabu ya mzigo wake: shule yenye mikondo minane na vipindi sita vya Hisabati kwa wiki ni vipindi 48. Wiki yenye siku tano za vipindi vinane ina vipindi 40. Kama mwalimu wa Hisabati ni mmoja, vipindi nane havina mtu hata asipopumzika. Hapo fedha ya kambi ingemlipa posho mwalimu wa kujitolea mwaka mzima, na watoto wote wangefaidika.

Chakula kinashika wengi shuleni mchana. Gramu 150 za mahindi na 50 za maharage kwa mtoto kwa siku, kwa siku 194, ni kilo 29 za mahindi na kilo karibu 10 za maharage kwa mwaka. Kwa mzazi mkulima ni kama debe moja na nusu la mahindi, likusanywe wakati wa mavuno, siyo Februari ghala zikiwa tupu. Makubaliano yafanyike kwenye mkutano wa wazazi na yaandikwe, na mtoto ambaye kwao hawakutoa asirudishwe nyumbani. Wale wa mbali wanaopanga vyumba mtaani, hasa wasichana, bodi iwajue kwa majina na nyumba wanazokaa.

Kambi isifutwe, ipewe kazi inayoiweza. Inawafaa wale wa alama 25 hadi 29 na 40 hadi 44 aliowataja mwalimu, kwa kufanya mitihani iliyopita kwa saa, kusahihishiwa siku hiyohiyo na kurudia swali walilokosa. Kumwaga noti mpya usiku kucha kwa mtoto ambaye hajui sehemu hakumsaidii, anachoka tu.

Wenye umri wanakumbuka matokeo ya 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, ambapo karibu watahiniwa 6 kati ya 10 walipata sifuri. Tume iliundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, ufaulu ukapanda. Lakini majibu kwenye karatasi yalikuwa yaleyale. Ndiyo maana nawasihi bodi zitazame upimaji wa kidato cha pili. Matokeo yake hutolewa kitaifa, shule kwa shule, na yanawapa karibu miaka miwili ya kurekebisha kabla ya mtihani wa mwisho.

MwalimuWaNamba

Naunga mkono. Mjumbe, kama kikao kina nafasi ya kupitisha jambo moja tu mwezi huu, lipitishe la kidato cha kwanza na cha pili. Ile karatasi ya maswali 20 inatosha upande mmoja wa karatasi. Pasipo mashine ya kudurufu, iandikwe ubaoni. Wenye herufi S wakae pamoja, wenye H pamoja, dakika 30 baada ya vipindi, siku tatu kwa wiki. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeweza anaongoza kundi, mwalimu anazunguka. Baada ya wiki sita rudieni karatasi ileile, namba zikiwa zimebadilishwa, na mhesabu herufi upya. Kidato cha nne wa sasa wapewe kidonge kidogo zaidi: mada tano za Sehemu A wanazozikaribia, kila mada wiki mbili, na kila hatua ya hesabu ionekane kwenye karatasi, maana hata jibu la mwisho likikosewa njia sahihi ina alama zake.