Injini ya Probox iliyofanyiwa oveholi: nikague nini kabla ya kuirudisha?

Swali (Nakuru)

Hamjambo ndugu. Injini ya Probox yangu, ile 1NZ-FE, ilipata joto kupita kiasi ikaanza kula oili, hivyo ikachongwa silinda, ikawekewa pistoni, ringi na beringi mpya, na hedi ikasawazishwa. Sasa imefunikwa kwa turubai, na fundi anataka kuipandisha Jumamosi, kisha aiwashe na kuiacha iungurume nusu saa gari likiwa limesimama ili ringi zikae vizuri kwenye kuta za silinda. Mimi hulitegemea gari hili kupeleka viazi Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho, wala sina pesa za kuirudia kazi hii. Ni mambo gani yakaguliwe injini ikiwa bado nje?

Jibu (fundi, Kisumu)

Ndugu, anza kwa kufungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Mafundi wengi hupaka silikoni kwa wingi wakidhani ndiyo salama, lakini ile inayobinywa kuelekea ndani hukauka ikawa vinyuzi, navyo vikikatika huishia kwenye chujio la pampu ya oili, na injini hufa kwa kiu ilhali kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa. Ukiwa hapo chini, pangusa kuta za silinda kwa kitambaa cheupe chenye oili kidogo. Kikitoka cha kijivu, hilo ni vumbi la mawe ya kunolea silinda, ambalo petroli pekee haliondoi. Lilipaswa kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kuunganisha. Ukiliona, usikubali maneno: injini ifunguliwe tena.

Kisha toa plagi zote, uizungushe kranki (shafti kuu inayosukumwa na pistoni) kwa spana, upande wake wa kawaida, mizunguko miwili kamili, kwa kuwa kamshafti, ile inayofungua valvu, huzunguka mara moja tu kranki inapozunguka mara mbili. Ikigota mahali, usilazimishe, kwani kwenye injini hii mnyororo wa taimingi ukikosewa valvu hugonga pistoni. Pima pia nafasi za valvu injini ikiwa baridi: za kuingiza hewa milimita 0.15 hadi 0.25, za kutolea moshi 0.25 hadi 0.35. Hapa hakuna skrubu ya kurekebisha, hubadilishwa vikombe vyenyewe vinavyokaa juu ya valvu, kazi ambayo ni nyepesi zaidi injini ikiwa nje. Mwulize fundi wako alivyokaza boliti za hedi. Akijibu kwamba alikaza kwa nguvu za mkono tu, bila spana ya kupimia, una sababu ya kuhangaika.

Jibu (Kakamega)

Nakubaliana na fundi, ila hakuna aliyeuliza kwa nini injini ilipata joto. Kama ni radieta iliyoziba au thamostati iliyokwama, injini mpya itaungua vilevile. Sili ya nyuma ya kranki na klachi zibadilishwe sasa, maana baadaye utalipia kushusha giaboksi. Tena, kama bloku yenyewe ilibadilishwa, nambari ya injini haitalingana na ya logbuku, na ni lazima NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, ijulishwe.

Mwenye swali

Asanteni sana. Bloku ni ileile, na radieta ilikuwa imeziba. Vinyuzi vya silikoni vilikuwapo, tumevisafisha. Kitambaa kilitoka safi. Tumefunga giaboksi na stata injini ikiwa chini, tukapima mgandamizo: silinda tatu zimetoa psi (kipimo cha kanieneo) 165 na moja 160. Kitabu kinataja 213. Je, niirudishe kwa waliochonga?

Jibu (fundi, Kisumu)

La. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 tu ya ile ya pwani, kwa hiyo 213 ya kitabu kwenu huwa karibu 170, na ringi zako bado hazijakaa. La muhimu zaidi ni tofauti baina ya silinda, nayo ni ndogo.

Kabla ya kuwasha, jaza oili kwenye filta. Pampu ya oili huendeshwa na kranki yenyewe, kwa hiyo plagi zikiwa nje na waya za injekta zimechomolewa, zungusha kwa stata vipindi vifupi vifupi hadi taa ya oili izime. Kuhusu ile nusu saa, fundi wako amekosea: kuunguruma muda mrefu bila mzigo hung'arisha kuta za silinda na ringi hazishiki. Washa, kagua uvujaji, subiri feni iwake, kisha endesha gari likiwa tupu kuelekea Naivasha, ukibadilisha mwendo mara kwa mara. Mlima wa Mau Summit na viazi vingoje. Mwaga oili kabla ya kilomita 1,000, uipasue filta ya zamani. Vumbi laini la chuma ni la kawaida, lakini vipande vinavyoonekana kwa macho ni habari nyingine, na hapo usiliwashe gari tena hadi beringi zikaguliwe.