Tunataka kulala hemani na watoto wawili wadogo, nishaurini

MamaWawili
Habari zenu wapendwa. Nina mvulana wa miaka 4 na binti wa miezi 14. Kabla hawajazaliwa, mimi na mume wangu tulikuwa tunapanda milima kila tukipata nafasi, na sasa tunatamani kulala nao porini japo usiku mmoja. Mwezi uliopita tulijaribu matembezi ya mchana, kilomita 7. Kwenye kilomita ya pili mkubwa akakaa chini, akagoma kabisa. Mdogo naye analia kwenye kibebeo cha mgongoni. Tukarudi kila mtu na mtoto wake mgongoni, na siku ile niliumia sana moyoni. Je, ni mapema mno? Na usiku ukiwa na baridi, huyu mdogo nimlaze vipi?

NyayoNdogo
Pole dada. Si mapema, ila kilomita 7 zilikuwa zenu ninyi, si za mtoto wa miaka 4. Mimi nina watatu, na kwa umri huo naenda kilomita 2 au 3 kwenda na kurudi, halafu natenga nusu siku nzima. Na njia naichagua kwa vitu vilivyomo: kijito, mawe ya kuparamia, gogo lililoanguka. Mwanangu wa pili alikuwa akigoma kwenye barabara pana iliyonyooka, lakini njia nyembamba yenye mizizi anaipanda mwenyewe bila kuombwa. Wengi hugoma miguu ikiwa bado na nguvu. Kinachowachosha ni kutembea bila la kufanya. Na usingoje aseme ana njaa au kiu, mpe kabla.

Sasa huyu wa mgongoni, hapo nakuomba unisikilize vizuri. Binti yangu alikuwa na miezi 11, tunapanda asubuhi, upepo unavuma, mimi jasho linanitiririka mpaka nimevua sweta. Yeye kimya, nikadhani amelala. Tuliposimama kunywa maji nikamvua soksi: mguu baridi kama jiwe la mtoni. Alikuwa macho, ametulia tu, miguu inaning'inia na mkanda umembana mapajani. Nikamwingiza ndani ya nguo zangu, nyayo zake tumboni kwangu, nikakaa naye hivyo karibu nusu saa mpaka akapata joto. Yule anayebeba anafanya kazi, mwili wake unazalisha joto. Anayebebwa amekaa tu, na mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko wetu. Tangu siku ile nasimama kila dakika 20, namtoa, anyooshe miguu, namgusa kisogoni na kifuani. Viganja vinaweza kuwa na baridi na mtoto yuko salama, lakini kifua kikiwa baridi, safari imeishia hapo. Kumbuka pia kila mita 1,000 mnazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6 hivi.

Usiku, baridi kubwa hutoka chini kuliko juu. Tandika mkeka wa sponji sakafu yote ya hema, maana watoto hubiringika. Kabla ya kulala wavue kila kitu walichoshinda nacho, hata soksi zinazoonekana kavu. Nguo ya pamba yenye jasho humnyonya mtoto joto, sufu ni afadhali. Mdogo usimtie kwenye begi la kulalia la mtu mzima, atateleza ndani na kufunikwa uso. Mvalishe nguo mbili tatu juu ya mwili, halafu ile nguo nene ya kulalia yenye mikono, na alale kwenye sehemu yake, pembeni yako.

BabaMapacha
Naunga mkono aliyosema dada hapo juu. Mimi ningeanza na hema nyumbani, uani au hata sebuleni. Wetu walilala humo siku mbili kabla ya safari, na tulipofika kambini hakuna aliyeogopa kuta za kitambaa. Usiku wa kwanza msilale mbali na gari.

Jambo moja sitaki mtu alifanyie mzaha: msiwashe jiko wala mkaa ndani ya hema, hata kwa dakika chache, hata mlango ukiwa wazi. Hewa ya sumu inayotoka haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki.

Huyo wa miaka 4 mpe filimbi. Mfundishe kwamba asipowaona ninyi wazazi asitembee hata hatua moja: akae kwenye mti ulio karibu na apulize mara tatu, apumzike, apulize tena. Tulilifanya kama mchezo mpaka likawakaa.

MamaWawili
Asanteni sana, Mungu awabariki. Tumeamua tutaanza na kilomita 2, kuna kijito katikati. Tulikuwa tunafikiria kambi iliyo mita 2,800 juu ya usawa wa bahari kwa sababu ya mandhari. Na nepi chafu mnafanyaje?

NyayoNdogo
Nepi zote zinarudi nyumbani, mfuko ndani ya mfuko. Msizifukie, wanyama huzifukua. Kuhusu mita 2,800, mimi nisingelaza mtoto huko. Kuanzia mita 2,500 hivi mtu anaweza kuugua kwa sababu ya mwinuko, na wa miezi 14 hawezi kusema kichwa kinauma. Utaona tu analia, anakataa kula, halali, na utadhani ni uchovu. Chini kuna mandhari pia.

MamaWawili
Sawa dada, tunashuka chini. Filimbi nimeshanunua, mkubwa amekataa kuivua, jana amelala nayo shingoni.

NyayoNdogo
Mvue leo hii, mpenzi. Kamba isikae shingoni akilala, wala akiparamia mawe. Ifunge kwenye zipu ya koti lake kwa uzi mfupi, ataifikia vilevile.