MJADALA: Fundi wa mtaani apewe vipindi kwenye shule za amali, au tusubiri mwalimu mwenye diploma?

Fundi umeme, Nala (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, salaam. Naleta jambo ambalo limenikaa kifuani tangu mwanangu alipopangiwa mkondo wa amali.

Kwa ambaye hajafuatilia: mitaala mipya ilianza Januari 2024, na sera yenyewe, ile ya mwaka 2014 toleo la 2023, Rais Samia aliizindua hapa hapa Dodoma Februari 2025. Sekondari sasa ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Wa amali anachukua fani, iwe umeme, uashi, ushonaji, kilimo au nyingine, na akimaliza kidato cha nne anatakiwa atoke na vyeti viwili, cha NECTA (Baraza la Mitihani) na cha ufundi stadi.

Naiunga mkono kwa moyo wote, na sababu ninayo. Miaka 14 nimefunga nyaya nyumba za watu bila karatasi yoyote. Kazi ni yangu kuanzia bomba la kwanza ukutani hadi taa ya mwisho, lakini fomu ya kuombea umeme lazima igongwe muhuri na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na leseni haiji bila cheti. Mwenye muhuri niliyekuwa namtumia hakuwahi kukanyaga saiti yangu hata siku moja. Nilikuwa namlipa, anagonga, basi. Sitaki mwanangu aishi hivyo.

Sasa kinachoniuma. Muhula mzima wa kwanza kijana hajashika bisibisi. Walimu wake si wavivu. Yule wa fani ni mmoja tu, na huyo huyo anabeba fizikia ya vidato vingine. Vifaa vilivyofika viko stoo kwa sababu karakana haijajengwa. Daftari la mwanangu lina michoro ya saketi mizuri kuliko yangu, lakini nilipompa waya wa 2.5 na wa 1.5 nikamuuliza upi ni wa soketi na upi ni wa taa, alivitazama kama vitu vya kigeni.

Na ukitoka geti la shule ile, kabla hujamaliza kilomita tano, umeshapita mafundi wa kila aina. Mji huu unajengwa kila kona: Mtumba, Ihumwa, Msalato, huku kwetu Nala. Napendekeza hivi: fundi aliyepimwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kupitia mpango wao wa kuwatambua waliojifunzia kazini, apewe vipindi viwili kwa wiki na alipwe. Mwalimu abaki na nadharia.

Niwape kisa kimoja. Mwezi wa tisa, Ihumwa, nilikuwa na kijana aliyetoka chuo. Tunaweka ethi, ile njia ya kupeleka umeme wa hitilafu ardhini. Mnaujua udongo wetu kiangazi, mvua ikikatika mwezi wa nne haionekani tena hadi Desemba. Kijana akagonga nondo yake kama kitabu kinavyosema, tukapima ukinzani wa ardhi, kipimo kiko juu, kikagoma kabisa kushuka. Nikamwambia chomoa. Tukachimba shimo, tukashindilia mkaa na chumvi kuizunguka nondo, tukamwagia maji ndoo mbili, tukapima tena. Kikashuka. Kijana akanitazama, kisha akanieleza kwa nini: maji yenye chumvi hupitisha umeme, na mkaa unashika unyevu usikimbie. Mimi nilikuwa nafanya hivyo miaka yote kwa kuwa bosi wangu alifanya hivyo! Ndiyo maana nasema shule iwe na wote wawili, yule wa kitabu na yule wa mkaa.

Mwalimu wa sekondari, Chamwino

Kaka, pole kwa hilo la mtoto, na kisa chako nimekipenda. Lakini nakupinga, na sikupingi kwa kulinda kiti changu.

Kwanza, saidia fundi na mwanafunzi ni watu wawili tofauti. Saidia fundi anajifunza kwa kuchota maji na kubeba tofali, akikosea anatukanwa, akichoka anafukuzwa. Mwanafunzi ana miaka 14, wako zaidi ya 40 chumbani, na lazima wote waelewe, hadi yule wa nyuma asiyeuliza. Kujua kazi ni kipaji kimoja, kumjulisha mwingine ni kingine. Watu wanapenda kuitolea mfano Ujerumani, kwamba mwanagenzi anakaa kazini siku tatu au nne kwa wiki na shuleni zinazobaki. Ni kweli. Lakini kule kule anayemfundisha mwanagenzi kazini anatakiwa awe amethibitisha kwa mtihani kuwa anaweza kufundisha. Hata awe bingwa wa kazi.

Pili, na hapa ndipo ninapoumia. Kuna vijana wamesomea ualimu, wako nyumbani miaka, wengine wanajitolea shuleni kwetu kwa posho ya wazazi. Tukiingiza fundi wa vipindi viwili kwa malipo ya siku, tumempa mwajiri sababu ya kutoajiri. Kila nafasi ya kudumu itageuka kibarua. Nimeliona hilo kwenye hisabati na sayansi, sitaki kuliona kwenye amali.

Mama mzazi, Chang'ombe

Mimi nauliza kama mzazi wa binti. Wangu anataka umeme, na mwalimu wake anasema ana mkono mzuri. Fundi akishaingia shuleni, kesho atasema twendeni saiti mkaone kwa macho. Nani anakwenda nao? Nani anamjua huyo fundi tabia zake? Sisemi mafundi wote ni wabaya, baba yake mwenyewe ni mwashi. Nasema hilo lijibiwe kwanza.

Na wale ndugu wanaonipigia simu kusema "umemwacha mtoto apelekwe amali, kwani kafeli?" waelewe kuwa ufaulu wake ulikuwa mzuri na amechagua mwenyewe.

Mstaafu, Mpwapwa

Wanangu, niruhusuni mzee niseme, maana naona mnajadili kitu kama kimezaliwa juzi.

Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967. Miaka ya sabini sekondari zikapewa michepuo: kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Mimi nilisoma mchepuo wa kilimo. Tulikuwa na shamba, na trekta, na mwalimu aliyesomea kilimo. Mwanzoni ilikuwa raha. Tulipima mistari kwa kamba, tuliandika kila debe lililotoka.

Nawaambia kilichoiua, kwa macho yangu. Trekta liliharibika kifaa kimoja kidogo, kifaa hakikuja, likabaki chini ya mkuyu hadi namaliza. Mwalimu wa kilimo alihamishwa na hakuletwa mwingine. Halafu likaja baya kuliko yote: shamba likawa adhabu. Ukichelewa paredi, jembe. Ukizungumza Kiswahili siku ya Kiingereza, jembe. Mtoto wa mkulima wa Mpwapwa, aliyezaliwa anaona jembe ni chakula, akafundishwa na shule kwamba jembe ni jela. Na aliyekwenda kidato cha tano hakupimwa kwa shamba, alipimwa kwa karatasi.

Shule chache zilishikilia. Ifunda, Tanga, Moshi, Bwiru, Iyunga, Mtwara na Musoma ziliendelea kuitwa shule za ufundi, na wahandisi wengi mnaowaona leo wamepita huko. Zilikuwa chache lakini karakana zake zilikuwa karakana kweli: msumeno, tezo, mashine ya kukereza vyuma, na mtu wa stoo anayejua kila kilichotoka na kilichorudi.

Kwa hiyo wewe fundi na wewe mwalimu, wote mnagombania nani asimame mbele. Mimi nauliza nani atanunua elektrodi, vile vijiti vya kuchomelea, zikiisha. Mwanafunzi mmoja wa kuchomelea anamaliza pakiti kabla mkono haujatulia. Umeme wanachoma fyuzi, mbao zinakatwa vibaya. Kujifunza kwa mikono kunakula mali, kila muhula, na hakuna njia ya mkato.

Mkandarasi mdogo, Ihumwa

Mzee shikamoo, umegusa penyewe. Waajiri wenye wafanyakazi 10 na zaidi wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa hadi 3.5% ya mishahara mwaka 2023. Jina lake linajieleza. Basi sehemu yake ishuke moja kwa moja hadi kwenye karakana za shule hizi, inunue hizo elektrodi. Mimi nachukua vijana wa chuo kwa mazoezi kila mwaka, na wa sekondari nitawachukua, ila waje wanajua kusoma futi na kushika pima maji. Naomba hivyo viwili tu.

Mkulima wa zabibu, Hombolo

Mbona mjadala wote ni umeme na nondo? Dodoma ni zabibu pia. Zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kinachoamua mavuno ni mkasi: umepogoa lini, umeacha macho mangapi kwenye tawi. Ukikosea wiki, mvua inakukuta na maua. Shule iko karibu na shamba langu, na sijaona mwanafunzi hata mmoja amekuja kuona upogoaji. Nipo tayari kuwafundisha, hela sitaki.

Fundi umeme, Nala

Nimewasoma wote, nimekaa nalo siku mbili.

Mwalimu, la kwanza umenishinda. Mimi nimefundishwa kwa makofi, na nikijichunguza, saidia wangu nimewapigia kelele kwa mambo ambayo sikuwahi kuwaeleza. Basi fundi asiingie hivi hivi. Morogoro kuna chuo cha walimu wa ufundi stadi. Waandaliwe kozi fupi pale, hata wiki sita, fundi ajifunze kupanga somo na kusimama mbele ya watoto, ndipo apewe kipindi. Asiyetaka kwenda abaki saiti.

La pili, la ajira, sina jibu linalokutosha. Nikubali tu kwamba hofu yako ni ya haki. Ila nitazame na kalenda. Kwa kuwa shule ya msingi inafupishwa hadi miaka sita, mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa mpigo. Tukiwangoja walimu wote waajiriwe ndipo watoto washike koleo, hawa waliopo sasa watakuwa wameshamaliza na daftari zao. Mwanangu ni mmoja wao. Kwangu mimi mkataba wa fundi uandikwe kuwa yuko chini ya mwalimu wa fani, na shule isiyo na mwalimu huyo isiruhusiwe kumchukua fundi kuziba pengo. Hapo sijamwondoa mtu.

Dada wa Chang'ombe, mwanafunzi asitoke getini bila mwalimu, na wasichana wasiwe chini ya wawili. Kama fundi anaona hilo ni usumbufu, huyo hatufai. Saiti za kwanza ziwe za shule yenyewe, maana shule zetu zina soketi mbovu na milango inayoning'inia, kazi ipo ya kutosha bila kupanda bodaboda.

Mzee Mpwapwa, la trekta chini ya mkuyu limeniuma. Nimelipeleka kwa mkuu wa shule kama lilivyo, akanyamaza kidogo, kisha akaenda stoo na ufunguo. Tumekubaliana Jumamosi hii, saa mbili asubuhi: mimi, mwalimu wa fani na wanafunzi 12, watano wasichana, tunaweka ethi mpya ya jengo la utawala. Mkaa nimeshapata gunia, chumvi mzazi mmoja ameahidi. Maji ndiyo tabu, bomba la shule linatoka usiku tu, kwa hiyo kila mtoto aje na lita tano.

Mwalimu wa Chamwino, njoo. Wewe ndiye utawaeleza kwa nini chumvi.