Ndege wa msimu wa kaskazi Mida Creek: tufike saa ngapi, na je, mzazi mzee ataweza?

Mkaazi wa Nakuru:

Ndugu wasomaji, salaam. Mwezi wa Januari ninakusudia kumpeleka baba yangu, mwalimu mstaafu, Watamu kwa siku mbili, na nia yetu kubwa ni kuwatazama ndege wa ng'ambo ambao huikimbia baridi ya Ulaya na Siberia na kukaa Mida Creek, hori (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu) lenye mikoko, hadi mwezi wa Aprili. Sisi tumelizoea ziwa letu, ambako mtu hufika asubuhi akawakuta heroe walipo, kwa kuwa maji ya ziwa hayajai wala kupwa kila siku. Ninaambiwa kwamba pwani hesabu ni nyingine. Ningependa kujua tufike saa ngapi, na kama lile daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko linamfaa mtu wa miaka 74 mwenye goti bovu. Darubini tunayo moja tu, ya kawaida. Zaidi ya yote, baba anatamani kumwona ndege mla kaa, yaani Dromas ardeola, ambaye mpaka leo amemsoma vitabuni tu.

Kijana wa Gede:

Dada, karibuni sana, na mzee umfikishie shikamoo yetu. Mimi huwatembeza wageni katika mikoko ya Mida, na jambo la kwanza ninalomwambia kila anayepiga simu ni kwamba saa ya kufika huamuliwa na maji. Maji yakipwa kabisa, tambarare za matope huwa wazi kwa umbali mkubwa na ndege hutawanyika kote wakitafuta chakula, kiasi kwamba kwa darubini ya kawaida utaona vitone vinavyotembea. Maji yakijaa kabisa, matope yote hufunikwa na ndege huenda kupumzika kwingine. Wakati mzuri ni saa mbili hivi kabla ya maji kujaa, kwa sababu ukingo wa maji huwasukuma hatua kwa hatua kuelekea ufukweni, nao huja wamesongamana, kila aina ikila mahali pake.

Katika pwani yetu, siku za bamvu, yaani siku chache zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo siku hizo mkifika saa nane mchana mtakuwa mmefika kwa wakati, na jua litakuwa limeanza kuwapa mgongo, jambo ambalo ni muhimu mno kwa kutambua rangi za ndege ambao karibu wote ni wa kijivu na hudhurungi. Siku za maji mafu, yaani maji yasipojaa wala kupwa sana, sizipendekezi, kwani sehemu kubwa ya matope hubaki wazi na ndege hawana sababu ya kukusogelea. Kumbukeni pia kwamba maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, na kwamba mlango wa hori ni mwembamba, hivyo ndani maji hujaa nyuma kidogo ya saa zinazoandikwa kwa ajili ya bahari ya wazi.

Kuhusu daraja, linapitika. Linaishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege, na ada ya kuingia husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke, kupitia mpango wa ASSETS ulioanzishwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya.

Mzee wa Dabaso:

Mwanangu, kijana amesema kweli kuhusu maji, lakini katika suala la daraja naona amelirahisisha. Daraja lile limening'inizwa, na kila mtu anapokanyaga ubao, mwenzake aliye mbele anausikia mtikisiko. Mtu mwenye goti bovu anaweza kufika kwenye kibanda iwapo atapita taratibu, bila kundi la watu nyuma yake, lakini atakapofika atakuwa amechoka na mikono yake itatetemeka, na mkono unaotetemeka haushiki darubini. Mimi ningemwekea kiti cha kukunja ufukweni, penye kivuli cha mikoko kama mchu au mkandaa, akasubiri maji yamletee ndege. Ukipata mtembezaji mwenye darubini kubwa ya miguu mitatu, mzee ataangalia akiwa ameketi. Kofia na maji ya kunywa msisahau, kwa maana jua la Januari saa nane halina huruma.

Msomaji wa Muscat:

Naomba nimjibu mzee wetu mwalimu kuhusu ndege wake, kwa kuwa mimi nimekulia Malindi na sasa ninaishi Oman, na ndege huyo tunashirikiana naye pande zote mbili. Huku kwetu yumo katika fukwe za Barr al Hikman, na huzaliana katika visiwa na fukwe za Ghuba, Bahari ya Shamu na pande za Somalia, kuanzia mwezi wa Aprili hadi Agosti. Hana mfano miongoni mwa ndege wa ufukweni, kwani huchimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, na kinda hulishwa ndani ya shimo hadi apate nguvu ya kutoka.

Kumtambua si kazi: ni mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu, na mdomo mweusi mnene usiolingana kabisa na midomo myembamba ya vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni wanaomzunguka. Mwambie baba awatafute wale wenye mgongo wa kijivu, maana hao ni wadogo waliozaliwa msimu uliopita. Ndege wengi wa ufukweni humwacha mtoto ajitafutie tangu siku za mwanzo, lakini huyu huendelea kumlisha mwanawe hata baada ya kusafiri naye hadi Kenya, na utamwona kijana mwenye kimo sawa na mzazi akimfuata nyuma huku ameinamisha kichwa na kulia, mpaka mzazi amkamate kaa, amtikise hadi miguu yake ing'oke, kisha ampe. Kwa maoni yangu tendo hilo peke yake linatosha kuwatoa Nakuru.

Mkaazi wa Nakuru:

Nawashukuru nyote, na baba amefurahi kupita kiasi. Swali langu la mwisho ni kuhusu kuwakaribia: je, maji yakiwa yamepwa, mimi na mtembezaji tunaweza kutembea matopeni ili nipige picha, wakati baba anasubiri kivulini?

Kijana wa Gede:

Dada, kutembea matopeni inawezekana, ila sitakuongoza kuelekea kwenye kundi. Chukulia kitwitwi anayezaliana katika aktiki ya Siberia, mwenye uzito wa gramu 60 hivi: chakula anachokula hapa ndicho mafuta ya safari ya kurudi, na kila anaporushwa hupoteza sehemu ya mafuta hayo pamoja na muda wa kula, ambao kwake una mpaka kwa kuwa maji yanarudi. Wachimba chambo huwarusha vya kutosha. Ukiketi karibu na baba yako bila kusimamasimama, watakusogelea wenyewe, na picha itakuwa bora kuliko ya ndege anayekukimbia.

Mkipenda rangi zaidi, siku nyingine njooni mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, wakati baadhi yao wameshaanza kuvaa wekundu wa matofali kwa ajili ya kuzaliana. Mwezi wa Januari wengi ni wa kijivu, nanyi mtalazimika kuwatofautisha kwa midomo. Yuko mmoja ambaye mdomo wake umepindika kuelekea juu na miguu yake ni ya manjano, anakimbia huku na huku akifukuza vikaa, naye hachanganyiki na mwingine.

Kwa siku mbili mlizo nazo, chagueni zile zinazofuata mwezi mpevu au mwandamo, asubuhi mwende Arabuko-Sokoke, ambao uko ng'ambo tu ya barabara ya Malindi, na mchana mje Mida. Nitajie tarehe zako kabla hujalipia hoteli, nami nitakusomea jedwali la maji.