FUNDI FRIJI KATOBOA FRIZA KWA BISIBISI, HALAFU ANANIAMBIA "NI UPEPO TU"

Dada wa Kizuiani:
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira. Yule fundi mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule mwenye begi la zana lililokufa zipu, akiingia kwa mtu anaulizia pa kuchajia simu kabla hajaulizia friji iko wapi. Katoka hapa sasa hivi, na friji yangu ni maiti.

Tatizo langu lilikuwa maji. MAJI. Kila asubuhi kwenye droo ya mboga nakuta kidimbwi, mchicha unaogelea. Friza inagandisha vizuri tu, barafu za ubuyu za watoto ukiziweka usiku asubuhi zinang'oa jino. Mwenye akili zake anajua hapo gesi ipo. Huyu bwana kafika, mlango wa friji hajaufungua, kagonga ubavuni kwa vidole kama anachagua tikiti maji, katoa hukumu: "Gesi imeisha dada'angu. 80,000."

Imeisha imeenda wapi? Gesi ya friji siyo ya jikoni useme inaungua ukipika. Inazunguka humo humo kwenye mabomba miaka na miaka. Ikipungua ujue kuna mahali inavuja, basi tafuta panapovuja! Nikamwambia hivyohivyo. Akacheka. Akasema, "Dada, hii kazi nimeianza hujaolewa."

Halafu ndo likatokea. Kaona friza ina barafu nene, akachomoa bisibisi. Ile bapa. Nikamwambia kaka, zima kwanza, nikuletee sufuria ya maji ya moto tuiweke mle ndani, barafu itabanduka yenyewe. "Tutachelewa." Akaanza kuchokonoa. Ko, ko, ko. Mara:

PSSSSSSSSSSS.

Nyumba nzima imesikia. Jirani kasikia. Kigamboni wamesikia, na bahari iko katikati. Na yeye, bisibisi bado imesimama kwenye ukuta wa friza, ananigeukia na uso mkavu: "Usiogope dada, ni upepo tu unatoka."

UPEPO!

Nilimwita aje kujaza tairi? Nyuma pale kwenye kompresa kuna kibandiko kimeandikwa R600a, pembeni imechorwa alama ya moto. Hiyo gesi inawaka! Nasikia pssss, na yeye anapekua begi anatoa kile kitochi chake cha kuchomelea, eti azibe hapo hapo. Mlangoni kuna jiko la mkaa lina maharage yangu. Nimelibeba kwa mikono miwili nikatoka nalo nje mbio, nimefungua madirisha yote, na yeye bado ananiambia nyie wanawake mna woga, ni upepo.

Hajaomba radhi. Kaomba nauli. Nauli!

Kibua wangu wa wiki nzima wako kwa jirani sasa hivi, na huyo jirani nawajua watoto wake. Simtaji jina huyo fundi, mnamjua. Ila mtu anachoma bisibisi kwenye friza yako, gesi inalia mbele ya macho yako, anasema ni upepo tu. Upepo tu!

Mzee wa Kahawa:
Siti ya mbele. Mleta uzi usilale.

Kipepeo Mweusi:
Pole dada. Huyo huyo! Kwangu kachomoa rilei, kile kidude cha kuiwasha kompresa, akasema anakwenda kuipima mjini. Mpaka leo anaipima.

Mtoto wa Bandari:
Pole, ila na wewe bibie. Barafu mpaka inahitaji bisibisi, ulikuwa unaifuga? Huo ni mpira wa mlango umechoka. Bana noti mlangoni, funga, ivute. Ikitoka bila kukaza, hewa ya nje inaingia kutwa, na kwa unyevu huu wa Dar lazima friza ijae barafu.

Dada wa Kizuiani:
Sijauliza mpira mimi. Nimesema mtu katoboa friza akasema ni UPEPO.

Mtoto wa Bandari:
Umepigwa na upepo basi, kunywa maji. Ya moto, maana ya baridi huna.

Baridi Kazini:
Mimi ndiyo kazi yangu, nisikilize dada. Kwanza chomoa kabisa kwenye umeme. Kompresa ikizunguka tundu likiwa wazi inavuta hewa na unyevu ndani ya mabomba, itakufa na yenyewe. Hayo maji ya droo yalikuwa ni kile kitundu cha ukuta wa nyuma kimeziba. Kinatakiwa kushusha maji kwenye kisahani juu ya kompresa, yakaukie pale kwa joto lake. Unakizibua kwa maji ya vuguvugu na kijiti chenye pamba, basi. Hakuna kulipa mtu. Sasa hilo tundu: friza nyingi ni aluminiamu, si kila mwenye tochi anaiweza. Ikishazibwa ibadilishwe filta, mabomba yavutwe hewa yote kwa pampu, ndipo gesi iingie kwa kupimwa kwenye mzani. Ya R600a ni gramu chache, mara nyingi hata 100 hazifiki. Ukiona fundi hana pampu wala mzani, mpe maji anywe aende.

Dada wa Kizuiani:
Ahsante sana kaka. Kumbe ni kitundu! Kitundu cha kijiti cha pamba, na yeye kaleta bisibisi! Na bado anasema upepo!

Kipepeo Mweusi:
@Baridi Kazini uko wapi na unatoza bei gani? Maana nyie kwenye maandishi wote malaika.

Shemeji Kimya:
Afadhali friji. Wangu wa TV kaichukua "aitazame dukani". Nimepita kwake jioni, familia imekaa mkekani inaangalia mpira. Kwenye TV yangu. Nikakaribishwa chai.

Mzee wa Kahawa:
Ukainywa?

Shemeji Kimya:
Ilikuwa kipindi cha pili.

Bibi Tanga:
Mnalia na mafundi, mimi umeme ndio unaniua. Unakatika, unarudi, unakatika, kwa dakika moja friji imeshtuka mara nne. Nikanunua friji gadi, kile kifaa cha kuilinda friji umeme ukirukaruka. Nimekuja kuifungua, ndani ni taa ya kijani na waya, hakuna kingine. Taa!

Baridi Kazini:
Mama, gadi iliyo nzima umeme ukirudi inasubirisha dakika kadhaa ndipo inaruhusu. Yako iliruhusu papo hapo?

Bibi Tanga:
Papo hapo, na taa ikawaka vizuri sana.

Dada wa Kizuiani:
Jamani turudi kwenye bisibisi.

Kaka Luku:
Hamjapanga nyie. Mita moja ya LUKU vyumba sita, mwenye nyumba anasema friji yangu ndo inamaliza uniti, nilipe mara mbili. Yeye ana pasi, ana jagi la umeme, ana mwanawe anachomelea mageti uani. Friji yangu!

Mtoto wa Bandari:
Anachomelea mageti kwa uniti zenu?

Kaka Luku:
Na sherehe za mwisho wa mwaka anafungulia muziki.

Shemeji Kimya:
Mwenye nyumba wangu anasema friji inakula umeme, halafu Idd ikifika analeta nyama ya mbuzi mzima igandishwe kwangu. Ikiisha hasemi hata shika maini.

Dada wa Kizuiani:
Kuna mtu ana namba ya fundi mwenye mzani au mnaongea tu?

Kaka Luku:
@Shemeji Kimya huyo wa nyama ya mbuzi ana Noah ya kijivu? Mbona kama ndiye wangu?