Sidii tatu tu za Devin Townsend: nimwagize shemeji zipi?

Kibatari

Wakuu, heshima kwenu. Shemeji yangu anaishi Vancouver, mwezi ujao anashuka Dar, na ameniambia nimtajie sidii tatu tu kwa sababu begi limeshajaa zawadi za wazee. Nataka zote tatu ziwe za Devin Townsend, mpiga gitaa na mwimbaji wa metali, yaani ile roki nzito. Jamaa ni mtu wa jimbo hilo hilo, British Columbia, kwa hiyo shemeji madukani hatahangaika sana. Anayehangaika ni mimi. Huyu bwana mwaka 2011 alitoa albamu mbili siku moja! Kuna za jina lake, kuna za bendi zake Strapping Young Lad na Devin Townsend Project, kuna mradi wake Casualties of Cool, na kuna yule kikaragosi wake Ziltoid. Mimi niliingilia Transcendence ya 2016, nikarudi nyuma hadi Ocean Machine, ndipo usingizi ukaisha. Zipangeni, na kila mtu atoe sababu. Jibu la "zote kali" sitaki.

Fundi Mitambo

Mkuu Kibatari, mimi kazi yangu ni kukaa nyuma ya miksa. Harusi, mikutano ya injili, siku nyingine rumba. Kwa hiyo nitakupangia kwa masikio ya kazi, mashairi watayajadili wengine.

Ule mlio wake mnene anaupataje? Gitaa analitegesha C ya wazi, yaani C G C G C E. Ukichapa nyuzi zote bila kubonyeza popote, kodi ya C meja hiyo hapo. Ukilaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote, unaihamisha meja nzima hadi unapotaka. Nyuzi zinalia muda mrefu, anazipa mwangwi, anarekodi gitaa juu ya gitaa, anapandisha kinanda, kisha anaimba sauti zote za kwaya peke yake. Tamu kweli. Tatizo ni kwamba katikati panajaa hadi besi na dramu havina pa kukaa, na albamu ikisogea sikio linachoka, wimbo mzuri unapita hujausikia. Kwa hiyo mimi naangalia kitu kimoja tu: safari hii ameacha hewa kiasi gani?

Ya kwanza ni Terria ya 2001, na hapo siyumbi. Ndani yake kuna nchi yake, Kanada, hadi wimbo mmoja unaitwa hivyo. Anayepiga dramu ni Gene Hoglan, yule yule anayekimbia kama kafukuzwa kwenye Strapping Young Lad, ila humu anatembea. Weka Deep Peace. Inaanza na gitaa kavu na sauti ya chini, halafu katikati inakuja solo ndefu isiyo na papara, kila noti unaisikia inapozaliwa na inapofia. Solo hiyo huwa naitumia kupimia spika kabla watu hawajaingia ukumbini. Wapishi wameshaizoea.

Inafuata Ocean Machine, 1997. Wengi wanasifia Seventh Wave na Life, lakini mzigo uko nusu ya pili: Funeral, Bastard, The Death of Music. Huo wa mwisho ni wa dakika kama kumi na mbili na gitaa zito ni kama halimo. Angalizo kwa wenye watoto wachanga: Things Beyond Things inaisha taratibu kabisa, unaanza kusinzia, halafu unakuja ukelele mmoja wa kuamsha mtaa. Anajua alichofanya.

Ya tatu ni Ki, 2009, na hapa najua mtanirushia mawe. Alikuwa ameacha pombe na bangi, akamwita mpiga dramu mkongwe wa kwao, Duris Maxwell, ambaye si mtu wa metali hata kidogo. Nyimbo zinapanda, unajiandaa kwa mlipuko, mlipuko hauji. Ule ubanaji ndio utamu wenyewe. Kwenye wimbo Trainfire hadi rokabili, ile roki ya kizamani, imo.

City ya Strapping Young Lad naiweka ya nne, japo inavunja kipimo changu. Humo kelele ndiyo iliyokusudiwa. Ilitoka mwaka mmoja na Ocean Machine, na baadaye, alipolazwa na kuambiwa ana baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka mno, mwenyewe alisema hizo albamu mbili ndizo pande zake mbili. Ukisikiliza moja bila nyingine unamjua nusu.

Zilizobaki kwa ufupi. Synchestra na Ghost zinapita. Empath ya 2019 ina wapiga dramu watatu na wimbo wa dakika 23, naiheshimu, siipigi. Epicloud na Transcendence zimejaa mno. Physicist ya mwisho, na mwenyewe haipendi.

Alto wa Mwanza

Kaka Fundi, shikamoo yako, lakini hapo kwenye Epicloud umeteleza. Mimi ni mwanakwaya. Kwaya ikijaa ndiyo imefika! Hiyo hewa unayoililia, kwetu inaitwa watu hawajaja mazoezini.

Halafu umemruka Anneke van Giersbergen, yule mwimbaji wa kike anayeimba naye, kama hayupo. Hyperdrive ilitoka kwanza kwenye Ziltoid mwaka 2007, Devin akiimba mwenyewe. Ikarudi kwenye Addicted mwaka 2009, Anneke akaongoza. Zisikilize zikifuatana. Ya kwanza ni wimbo mzuri, ya pili unajikuta umesimama. Na Kingdom? Ilizikwa kwenye hiyo Physicist ya mwaka 2000, akaja kuirekodi upya kwenye Epicloud 2012, na leo ni kati ya nyimbo anazodaiwa jukwaani. Ule ule wimbo, kaka. Kilichoongezeka ni huo ujazo unaoulaumu.

Kibatari mdogo wangu, Addicted isikose.

Mzee wa Robusta

Nyie wote mna huzuni. Ziltoid the Omniscient! Kiumbe anatoka sayari nyingine, anawaamuru wanadamu wampe kikombe bora cha kahawa, wanamletea, anaonja, anakasirika, vita inaanza. Angetua Bukoba dunia ingekuwa salama. Na kila kitu kafanya peke yake, dramu zote za kompyuta. Mwisho wa hadithi sikusimulii.

Deconstruction nayo mnaikwepa kwa sababu inawashinda. Okestra ya Prague, waimbaji wa metali Mikael Åkerfeldt na Ihsahn, wote ndani, na huko mwisho wa falsafa yote kuna baga ya jibini.

Fundi Mitambo

Mzee wa Robusta, Deconstruction hainishindi, inanipa kazi nikiwa nyumbani. Jumapili sitaki kazi.

Dada Alto, marahaba. Kingdom nakupa. Kwenye Physicist ilichanganywa vibaya hadi ile sauti yake ya juu inasikika kama imetoka chumba cha pili, na ya 2012 iko mbele, safi. Lakini ni wimbo mmoja huo. Piga Epicloud yote kwa hedifoni bila kusimama, ukifika Angel niambie kama bado unaitofautisha besi na gitaa. Addicted nakubali ina nafasi zaidi, na sababu ni Anneke: sauti yake ni nyembamba, inapita pale juu ambapo magitaa hayafiki. Mchukue, Kibatari. Ila Terria usiibadilishe na kitu chochote.

Kibatari

Nashukuru wakuu. Nimemtumia shemeji orodha: Terria, City, Addicted. Ocean Machine ninayo kwenye simu, itasubiri safari yake ijayo. Ki nimeanza kuisikiliza jana usiku, Fundi, na ule mlipuko bado nausubiri.

Shemeji kajibu sasa hivi. Ametafuta City mtandaoni, kasikiliza mwanzo tu, na anauliza kama dada yake, yaani mke wangu, anajua ninachosikiliza.