Kwenye usaili naulizwa "kwenu kwenu wapi?" Kazi imegeuka ya wana wilaya moja, nimechoka

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, nikiteleza mnivumilie.

Nina miaka mitatu na nusu kazini, karani wa stoo kwenye kampuni moja huku Barabara ya Pugu. Mwaka jana kaja meneja mpya. Mkoa wake siutaji, maana nawajua, mtaacha hoja muanze kutukanana makabila. Ndani ya miezi minane walinzi wawili, dereva, mhasibu msaidizi na hadi mama wa chai wamebadilishwa, na wote waliokuja wametoka wilaya moja. Siyo mkoa, wilaya! Matangazo ya kazi hayabandikwi tena, yanaishia kwenye grupu lao la WhatsApp la kuzikana.

Saa nne ni chai. Wanakaa benchi la chini ya mwembe, kilugha kinaanza. Wakicheka na mimi nacheka, sijui hata kama anayechekwa ni mimi.

Sasa ikatoka nafasi ya msimamizi wa stoo. Nikaitwa ofisini, swali la kwanza: "Kwenu wapi?" Nikasema Mbagala. "Hapana, kwenu kwenu." Bosi, nimezaliwa Temeke, baba Mngoni wa Songea, mama Mmakonde wa Newala, walikutana JKT Ruvu, kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Songea nimeenda mara mbili, zote msibani. Akatabasamu: "Ahaa, wewe mtoto wa mjini." Usaili ukaishia hapo.

Kapewa kijana mwenye miezi miwili kazini. Juzi kaingiza kwenye leja boksi 40 badala ya 400, lori likakaa getini mpaka saa moja usiku. Nani kaitwa kurekebisha? Mimi. Eti "mfundishe mdogo wako." Mbona ikifika mshahara undugu unakatika?

Mtaniambia sheria ipo. Naijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kazini kwa kabila au alikotoka. Haya, nikifika CMA, ile tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, nawaonyesha nini, tabasamu la bosi?

Na msinichanganyie hili na utani. Mzaramo na Mnyamwezi wakitaniana msibani hakuna anayenyimwa ugali wake. Mwalimu Nyerere alikuwa mtoto wa chifu Burito, na uchifu ukafutwa 1963 yeye mwenyewe akiwa Rais. Mei Mosi 1995 pale Mbeya akaukemea ukabila hadharani. Sisi tunaurudisha kwa grupu la kuzikana.

Kinachoniuma zaidi kiko nyumbani. Nimemsimulia baba, mzee yule yule wa JKT, nikitegemea atawaka. Kanyamaza, kavua miwani, kaifuta kwa shati. Akasema kuna Mngoni mwenzetu ni mkubwa kwenye ofisi moja Posta, niandae vyeti, Jumatatu anipeleke.

Vyeti nimeshatoa kopi.